Hodi Yangu ya Pangoni

Harufu ndiyo iliyonisimamisha mlangoni. Si woga, wala si haya magoti yangu, ambayo mjukuu wangu Thuraya alikuwa keshayabebea dawa za kuchua mkoba mzima. Mlango ulifunguliwa, mlango wa mbao nzito, ikanijia harufu ya ndani: jiwe baridi, jiwe lenye unyevu, kama pale unapotia uso kwenye mdomo wa mtungi uliolala na maji ukavuta pumzi. Nyie wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Hawa wa leo maji wanayajua ya chupa, wataijulia wapi?

Basi nikasimama kizingitini, mguu mmoja hewani, na mdomo wangu, bila ya mie kuutuma, ukasema, "Hodi!"

Lakini ngojeni, nimeanza katikati. Ndo tabia yangu, watoto wangu wamechoka kunambia.

Huyu Thuraya ni binti wa mwanangu Salim. Nimemlea mie, wakati ule tukikaa Hamriya juu ya duka la vitambaa, mama yake akienda kazini wizarani. Alipomaliza masomo akapata kazi benki, na haukupita muda akaja akanikalia miguuni kama alipokuwa mdogo. "Bibi," akasema, "n'na zawadi yako. Nakupeleka Uturuki. Tukalale hoteli ya pangoni."

"Pangoni?"

"Pango kweli, Bibi. Watu wa kale waliyachonga majabali wakakaa humo na wanyama wao. Siku hizi wametia vitanda na mabafu."

"Sasa mwanangu, Oman hii imepungukiwa na majabali? Nikifungua dirisha hapa jabali linanitizama. Nipeleke hapo nyuma ya Ruwi unitandikie godoro, tusiwasumbue watu wa ndege."

Alicheka mpaka akalala kwenye zulia. Lakini nilimuona machoni, kitu hichi alikitaka. Mtoto akitaka kukutunza, mwache akutunze, hata kama anakutunza kwa pango. Nikashuka chini kununua soksi za sufi na sweta. Mwenye duka, Muhindi wangu wa siku zote, akaniuliza, "Mama, sufi na jua hili, unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Nakwenda kukaa pangoni, mjukuu wangu ndo anayenipeleka." Maskini alinitazama kwa huruma, akanipunguzia bei.

Mtoto wa kaka yangu ana gereji yake Wadi Kabir, yeye ndiye aliyetupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake lililonuka mafuta. Njia nzima ananitania. "Shangazi, ukikuta zimwi humo usilizungumzishe sana. Litachoka lihame, halafu watu wa hoteli watudai."

Tukafika. Na wallahi, Mungu ni fundi. Majabali membamba marefu yamesimama yamevaa vikofia juu, rangi yake kama unga wa mtama, na kila jabali lina vitundu, na kila kitundu kina dirisha, na kila dirisha lina ua jekundu kwenye kopo. Nikamwambia Thuraya, kumbe watu wanakaa ndani ya mzinga wa nyuki. Mwenye hoteli, bwana mmoja wa masharubu mazito, akatuchukulia mabegi mwenyewe. Akafungua mlango. Thuraya akaingia mbio, akajirusha kitandani na viatu vyake. "Bibi, tazama! Tazama dari! Imechongwa kwa mkono!"

Na mie niko mlangoni na harufu yangu. "Hodi!" nikasema. Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi, wenyewe!" Kimya kabisa. Nikaurudisha mguu nje.

"Bibi, unamwita nani?" Thuraya akakaa. "Chumba chetu hichi. Ufunguo ninao mie."

"Ufunguo ni wa mlango. Pango lina mwenyewe. Nimepiga hodi tatu sikujibiwa, na mie sikulelewa kuingia kwa watu bila ya kukaribishwa."

Mwenye hoteli akatutazama, akasema maneno kwa Kiingereza. Thuraya akanigeukia, uso umemwiva. "Anauliza chumba hakikupendezi? Ana pango jengine, kubwa zaidi."

"Mwambie pango lake zuri sana. Mwambie tu sijakaribishwa."

"Bibi! Nitamwambiaje hivyo, na mtu katukaribisha tokea tulipofika?"

Yule bwana akaona mambo si yake, akasema kitu akaenda zake, baada ya muda akarudi na chai, vile vigilasi vyao vyenye kiuno. Akaviweka juu ya benchi la jiwe nje ya mlango akaondoka kwa adabu. Na mjukuu wangu katoka kasimama mbele yangu, mikono kifuani. "Sema tu hupendi," akanambia. "Nimekuleta kote huku. Mama alinambia, bibi yako mpeleke Dubai akanunue dhahabu, pangoni atapafanya nini. Sema tu, Bibi, tutafute hoteli ya kawaida."

Hapo nikamshika mkono. Maana mie nilikuwa napenda! Napenda mpaka mwili unanisisimka! Lakini mguu haukukubali, na mguu ulikuwa na sababu yake, nayo sababu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko Thuraya na baba yake wakijumlishwa.

"Kaa," nikamwambia. "Kunywa chai. Nikwambie mie nilivyolijua pango."

*

Baba yangu alikuwa Mwarabu wa duka, Mjini, na mama yangu ni mtu wa kusini ya Unguja, huko ardhi yenyewe jiwe tupu, ukitaka kupanda muhogo unautafutia ufa. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mama akawa mjamzito mimba ya tabu, hawezi kusimama, na mie nilikuwa mtoto wa kelele. Nikapelekwa kusini kwa dada yake, Mama Mkubwa, nikae mpaka mama ajifungue. Skuli nilikuwa siendi, chuoni kusoma Kurani nilikuwa naenda nikitaka, basi hakuna aliyeniona nimekosekana.

Mama Mkubwa alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mikono yake daima inanuka ufuta. Alikuwa akioka mkate wa ufuta juu ya kigae. Nikifumba macho sasa hivi nausikia ukipasuka ukingoni. Mumewe, Baba Mkubwa Makame, alikuwa mtu wa kauli moja. Akisema, keshasema. Na walikuwa na binti mmoja tu, Zuwena, ambaye nilikuwa nimemuona siku moja katika maisha yangu, siku ya harusi yake, kafunikwa, nikaona vidole vya hina basi. Kaolewa kijiji cha pili na bwana anaitwa Pandu.

Nilipofika tu nikaona nyumba ina mnong'ono. Wakubwa wakiniona wanabadilisha mazungumzo. Lakini mtoto akijilaza mkekani akafumba macho, wakubwa wanamhesabu kafa. Nikasikia. Zuwena katoroka kwa mumewe. Pandu akitoka asubuhi alikuwa akimfungia ndani kwa kufuli, kama mbuzi, mpaka arudi jioni, ati asizungumze na watu. Siku moja akasahau kufuli, Zuwena akaondoka na kanga aliyoivaa. Hajulikani alipo. Baba Mkubwa akasema kwa sauti yake ile, "Nimemuahidi baba yake Pandu. Nikimuona kwa macho yangu, namrudisha kwa mkono wangu."

Mama Mkubwa aligeuza mkate.

Sasa kijiji kile maji yake yalikuwa pangoni. Nje unaona mti wa mlandege na majabali makali, ukiinama kuna mdomo, na ngazi za mawe zinakushusha gizani, na chini kuna maji baridi, safi, mpaka unaiona senti iliyotumbukia. Wanawake wakiteka asubuhi na mapema. Jua likipanda hakuna anayeshuka, kwa sababu pango lina mwenyewe, na mwenyewe anapumzika. Najua, najua, sheikh wetu hapa akinisikia atanambia nistaghfiru, nami nastaghfiru. Lakini ndivyo tulivyokuwa. Unavua viatu juu, unapiga hodi. Ukiitikiwa na wenzio walio chini, unashuka. Hodi tatu zikikosa jawabu, unarudi, hata kama nyumbani hakuna tone. Na kule nyuma, kupita maji, kulikuwa na kishubaka kikavu ambapo watu wakiweka ubani na mayai, na hapo hapitwi.

Siku ya pili au ya tatu, jua la utosini, wanaume wako msikitini, Mama Mkubwa akanipa kikapu kidogo kimefunikwa kwa kawa. Ndani mna mikate ya ufuta na kipande cha samaki. Akachutama tukawa macho kwa macho.

"Wewe unaogopa?"

"Siogopi," nikasema. Na kweli, mie kuogopa sikufunzwa.

"Mpelekee mwenye pango. Anapenda kutumikiwa na mtoto. Piga hodi, akikuitikia shuka, weka kikapu kwenye shubaka, usigeuke nyuma. Na usimwambie mtu. Ukimwambia mtu, hatokuitikia tena."

Nikaenda. Nikavua viatu. Mdomo wa pango ukanipulizia ile harufu, harufu ya mtungi. "Hodi!" nikasema, na sauti yangu ikashuka ikapanda ikarudi.

Kukawa kimya. Halafu ndani kabisa, sauti nene, ya duara, kama mtu anasema ndani ya mtungi, ikajibu, "Karibu."

Wenzangu, mie nimeolewa, nimezaa saba, nimehiji. Lakini furaha ya ile "karibu" sijui niifananishe na nini. Mtoto wa Mjini, ambaye watoto wa kijiji wananicheka miguu laini, nakaribishwa na mwenye pango kwa mdomo wake! Nikashuka zile ngazi kama bibi harusi. Nikaweka kikapu. Sikugeuka.

Kesho yake tena. Na kesho yake. Mwenye pango akawa ananizungumzisha. "Umekuja, mjukuu wangu?" "Nimekuja." "Huko juu kuna nini?" Nami nikamweleza: kuku wa Bi Kazija kaangua, Baba Mkubwa kagombana na jirani kwa ajili ya mnazi, kanzu mpya ya mwalimu imeingia kutu. Wakati mwengine nilikuwa nikisikia anacheka, lakini kicheko cha kubanwa, nikadhani ndivyo mashetani wanavyocheka. Siku moja akasema, "Mjukuu wangu, nawashwa kichwa. Waambie waniletee mafuta ya nazi na kitana."

Nikamfikishia Mama Mkubwa kwa uso wa kazi. "Mwenyewe anataka kitana." Mama Mkubwa alikuwa akipepeta mchele, akainama juu ya ungo, mabega yanamtetemeka. Nikadhani analia kwa khofu. Nikamshika bega. "Usiogope, Mama Mkubwa. Hana ubaya. Ila anapenda kujipamba."

Nikampelekea kitana na mafuta. Siku nyengine akataka sabuni. Siku nyengine akataka sukari kwenye mkate. Nikajenga akilini sura yake: mwanamke, nywele mpaka kwenye visigino, mtu wa mjini kama mie. Nikawa nachana nywele zangu kabla ya kwenda, asione nimemdharau. Ukiniuliza, sikuwa najua hata chembe. Zuwena namsikia katoroka, na mwenye pango namlisha mie kila mchana, na vitu hivi viwili katika kichwa changu vilikaa mbalimbali kama chumvi na sukari jikoni.

Halafu akaja Pandu.

Alikuja mchana na ndugu zake wawili. Mtu mzuri wa sura, tena ana kofia ya vito, ya kushonwa kwa mkono, ungemuona usingemdhania kufuli. Akasimama uwanjani kwa Mama Mkubwa, hakukaa. "Mke wangu yumo kijiji hichi," akasema. "Nimetafuta kwetu, nimetafuta kwa shangazi zake. Amebaki pahala pamoja watu hawapatazami. Twende pangoni, mzee."

Baba Mkubwa akanyanyuka. Keshatoa kauli, atafanya nini? Wanawake wakatoka majumbani mmoja mmoja, wakafuata nyuma, kimya. Mama Mkubwa alikuwa mweupe kama unga. Na mie? Mie nilikuwa huko huko! Nimeshapeleka kikapu nimepanda, nakaa kwenye jiwe mdomoni mwa pango nalamba vidole, naona kundi la watu linakuja.

Pandu akafika na viatu miguuni.

"Vua viatu!" nikamwambia.

"Nani huyu?"

"Mtoto wa shemegi yangu wa Mjini," akasema Baba Mkubwa.

"Vua viatu, upige hodi," nikasema. "Hapa hapaingiwi ovyo. Mwenyewe anapumzika."

Watu wakaguna. Mmoja katika wale ndugu zake akavua vyake upesi upesi. Pandu akaona haya mbele ya wanawake, naye akavua. Akainama. "Hodi!" Sauti yake ikashuka, ikagonga maji, ikarudi. Kimya. "Hodi!" Kimya. Akatazama nyuma. "Hodi!" Kimya.

Hapo ndipo mie nilipoharibu, au niseme hapo ndipo nilipotaka kuharibu. Kifua kikanijaa. Nikasimama juu ya jiwe langu. "Hakutaki wewe!" nikamwambia. "Mie huniitikia kila siku! Wewe hakuitikii kwa sababu huna adabu. Ngoja umsikie anavyonipenda mie."

Pandu akageuka polepole. "Anakuitikia?"

"Kila siku! Ananiita mjukuu wake."

"Ana sauti gani?"

"Sauti ya kike."

Nikasikia mwanamke mmoja nyuma kashusha pumzi. Pandu akatabasamu, akanipisha njia kwa mkono, kama vile mtu anavyompisha mgeni. "Haya, bibi mdogo. Mwite."

Wanawake wote macho chini. Mama Mkubwa midomo yake inakwenda, anasoma. Wala mie sikumuona mtu, nilikuwa nimevimba kwa fakhari. Nikainama kwenye mdomo wa pango, nikaita kwa sauti yangu nzuri kuliko zote, sauti ya kughani:

"Hodi!"

Maji yakadondoka huko ndani, to. Nikatabasamu nangoja.

Kimya.

"Hodi! Ni mie!"

Kimya.

"Hodi! Mie mjukuu wako! Nimekuletea mkate leo, umesahau?"

Mungu wangu, kimya kile. Kimya mpaka masikio yanawasha. Nikaita tena na tena, nikapita hata hodi tatu, koo likakauka, machozi yakaanza kushuka. Pandu kwanza alikuwa kainamisha kichwa anasikiliza. Halafu akaanza kucheka. "Mtoto muongo," akasema. "Kanikalisha juani nazungumza na shimo."

Akatia mguu mmoja kwenye ngazi. Akasimama. Akautazama mguu wake usio kiatu, akautazama ule weusi kule chini. "Nani anashuka na mie?" Wale ndugu zake wakatazamana. Hakuna aliyesogea.

Baba Mkubwa akaja akachutama mbele yangu. Nilikuwa nalia kwa kwikwi. Kifuani, kwenye kigauni changu, kulikuwa na punje za ufuta. Akazitazama. Akatazama mdomo wa pango. Halafu kwa kiganja chake kile kikubwa akanifuta ufuta wote, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto vumbi. Akasimama.

"Hodi zimekwisha jawabu hakuna," akasema kwa sauti yake ya kauli moja. "Mimi kwa macho yangu sijamuona mtu. Pandu, ukishuka utashuka peke yako, na yakikufika usiniite. Na mwanamke unayemtafuta mpaka mashimoni, huna tena. Mwandikie talaka yake, urudi kwenu ukiwa na uso."

Wanawake wakapiga vigelegele? Hapana. Walipisha njia tu, huku na huku, na Pandu akapita katikati yao kashika viatu mkononi. Ile ilikuwa kali kuliko kigelegele.

Talaka ililetwa. Lakini mie sikuyaona hayo, maana siku ile nilikataa kula, nikakataa kuzungumza, nikalia nirudishwe Mjini. Nimeaibika mbele ya kijiji kizima. Mwenye pango kanikana. Nimemlisha, nimempelekea kitana, na siku ninayomtaka mbele ya watu kaninyamazia kama hanijui! Mama yangu alikuwa keshajifungua salama, nikarudishwa, nikakaa na hasira yangu, na mtoto mchanga nikakataa kumtazama.

Hata siku moja akaja mgeni nyumbani, msichana mzuri ana mwanya, nywele zinang'ara mafuta. Akakaa kwenye mkeka, akanishika kidevu. "Mjukuu wangu," akasema, "kuku wa Bi Kazija wamekua."

Nilimtazama. Nikamtazama nywele. Nikaona kitana kile kile kimechomekwa.

Sikumsemesha juma zima.

*

Thuraya chai yake ilikuwa imepoa mkononi. "Bibi," akasema, "huyo si Bibi Zuwena? Bibi Zuwena wetu, wa Hail?"

"Ndiye. Nani mwengine?"

Maana mimi na Da Zuwena hatukuachana tena. Aliolewa Mjini na mtu mwema asiyejua kufuli, akaja Oman kabla yangu, na mie nilipokuja nikafikia kwake. Sasa anakaa Hail kwa mwanawe, karibu na bahari. Na mpaka leo, nyie, tuna mchezo wetu. Nikienda kwake napiga hodi mlangoni, na haniitikii. Kila mtu anamuitikia, hata mtu wa gesi, lakini mie hapana. Ananyamaza kimya, namsikia nyuma ya mlango anajizuia kucheka, halafu anafungua. Nikimwambia, "Da Zuwena, una deni langu la karibu tokea mwaka ule," ananijibu, "Nilikuitikia siku ile moyoni, nimeuma kanga mpaka ikatoboka. Sina nyengine." Watoto wetu wanaona wazee wawili wamepungukiwa na akili.

"Kwa hiyo," Thuraya akasema polepole, "ndo maana huwezi kuingia."

"Siogopi, mwanangu. Mie pango nalijua. Lakini mara ya mwisho nilipopiga hodi pangoni niliachwa nje. Nilipoisikia ile harufu, nikawa yule yule, na kigauni changu. Na mguu ukakataa."

Mjukuu wangu akafuta macho. Halafu akatoa simu yake. Akabonyeza, akasikiliza, akazungumza Kiarabu na mtu, akangoja, halafu akaipandisha sauti, akaniwekea mbele ya mlango ulio wazi, simu juu ya kiganja kama mtu anavyoshika chetezo cha ubani.

"Piga hodi, Bibi."

Nikasikia kule upande wa pili kelele za nyumba, mtoto analia, televisheni. Halafu kelele zikazimwa. Nikaegemea kizingiti. Ile harufu ya mtungi ikanijia tena usoni.

"Hodi!" nikasema.

Kimya. Simu inakoroma kidogo, safari yake ndefu. Yule mwenye hoteli katokeza kona na birika la chai, kasimama haelewi kitu.

"Hodi," nikasema. "Ni mie."

Nikasikia anapumua. Yupo. Nikamjua yupo, kama nilivyotakiwa kumjua siku ile. Halafu ikaja sauti, imezeeka, imekuwa na mikwaruzo, lakini ndani ya lile pango ilipogonga mawe ikarudi nene, ya duara, ile ile.

"Wanaume washaondoka?"

"Washaondoka, Dada."

"Wote?"

"Wote. Kabaki mmoja wa masharubu, ana chai."

Akacheka. Kile kicheko cha kubanwa. "Basi karibu, mjukuu wangu," akasema. "Karibu ndani."

Nikavua viatu, nikaingia.